Nani Analipia Siku ya Kusubiri?

Mtoto wa kaka yangu amepata kazi ya kuhudumia mitambo ya umeme wa upepo iliyosimikwa katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na bara la Ulaya. Kabla ya kutia sahihi mkataba wake alikuja nyumbani kwangu South B, hapa Nairobi, akiwa na nakala mkononi. "Shangazi," aliniambia, "nisomee hii sehemu ya usalama tu. Mambo ya mshahara nimeshayaelewa."

Mimi ni afisa wa usalama kazini. Nimetumia miaka kumi na saba katika maeneo ya ujenzi ya jiji hili, nikikagua jukwaa, kamba, kreni na nyaya za umeme, na nikiandika ripoti ambazo nyingine zilisomwa na nyingine hazikusomwa. Baharini sijawahi kufanya kazi. Ninayoyajua kuhusu huko nimeyapata katika vitabu, katika mafunzo, na kutoka kwa watu waliorudi. Lakini kazi ya mahali pa juu ni kazi ya mahali pa juu, na mkataba ni mkataba, kwa hiyo niliketi mezani nikausoma wote, sehemu ya mshahara ikiwemo.

Sehemu ya usalama iliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Ilimtaka fundi awe na cheti cha mafunzo ya msingi kinachotambuliwa na GWO, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya mafunzo katika sekta ya upepo: huduma ya kwanza, kuinua mizigo kwa mikono, tahadhari ya moto, kazi za mahali pa juu, na kujiokoa baharini. Cheti hicho hudumu miaka 2, kisha fundi hurudi darasani. Mpwa wangu anacho, na kwa ajili ya lile somo la mwisho alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima, katika bwawa la hoteli moja, kwa sababu alikulia Kitui ambako maji ya kuogelea si jambo la kila siku. Hayo yote yalinifurahisha. Kilichoninyima usingizi ni mstari mmoja katika sehemu ya malipo, ambayo yeye alisema ameshaielewa: siku ambayo kazi haifanyiki kwa sababu ya hali ya bahari, fundi atalipwa nusu ya ujira wa kutwa.

Ili msomaji aone kwa nini mstari huo ni suala la usalama, hana budi kwanza kuelewa jinsi fundi anavyofika kazini. Shamba la kwanza la upepo baharini lilijengwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991, likiwa na mitambo 11 tu karibu na ufuko. Leo shamba la Hornsea 2 lina mitambo 165 na liko takriban kilomita 89 kutoka pwani ya Yorkshire, Uingereza. Huo ni umbali unaokaribia ule wa kutoka Nairobi hadi Naivasha, isipokuwa kwamba njiani hakuna kituo cha afya, hakuna gari la kusimamisha, na barabara yenyewe inapanda na kushuka. Katika mashamba mengi mafundi hupelekwa kwa boti. Nahodha huikandamiza pua ya boti, yenye mpira mnene, kwenye mabomba mawili ya chuma yaliyo chini ya mnara, na injini huendelea kusukuma ili mpira ushikamane na chuma. Kisha fundi husimama puani, hutazama wimbi, hujifunga kwenye kamba ya kuzuia kuanguka, na huvuka kwa hatua moja hadi kwenye ngazi.

Hatua hiyo moja ndiyo moyo wa jambo hili. Boti ikishikamana vizuri, ni hatua ya kawaida. Wimbi likiinyanyua ghafla, mguu unaweza kubanwa kati ya tani nyingi za boti na nguzo isiyosogea. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi huweka kikomo: boti za kawaida hazivushi watu mawimbi yakizidi takriban mita 1.5, ilhali meli kubwa zenye daraja linalojirekebisha kufuata mwendo wa bahari huweza kufanya kazi katika mawimbi makubwa zaidi. Kuna jambo hapa ambalo nilihitaji kulisoma mara mbili. Kipimo hicho cha mita 1.5 si urefu wa wimbi kubwa kuliko yote; ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa. Bahari inayosemwa kuwa ya mita 1.5 inaweza, ndani ya asubuhi hiyo hiyo, kuleta wimbi moja linalokaribia mita 3. Kwa hiyo kikomo si ukuta ambao upande mmoja kuna usalama na upande wa pili kuna hatari. Ni makadirio, na makadirio hufanywa na binadamu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akiwa na ratiba ya matengenezo mfukoni na mabosi wanaosubiri taarifa.

Sasa mweke binadamu huyo mbele ya kipimo kinachosoma mita 1.4, na utabiri unaosema saa sita itakuwa 1.6. Meli kubwa za kusimika mitambo hukodishwa kwa zaidi ya dola 100,000 kwa siku, iwe zimefanya kazi au zimetia nanga. Mtambo uliosimama hauzalishi umeme. Na fundi mwenyewe, kwa mujibu wa ule mstari, atarudi bandarini na nusu ya ujira. Hakuna aliyemwambia avunje kanuni. Kila kitu kinachomzunguka, hata hivyo, kinamwomba aione 1.4 kuwa ni ndogo.

Najua jinsi ombi hilo linavyosikika, kwa sababu nimewahi kulisikia na kulitii.

Ilikuwa mwaka 2012, juu ya jengo la ghorofa nane jijini, ambapo kampuni moja ambayo sitaitaja ilikuwa ikisimamisha fremu ya chuma ya bango la matangazo. Kreni ilikuwa imekodishwa kwa siku moja, hadi saa kumi na moja jioni. Kufikia saa saba mchana upepo ulikuwa umeanza kuvuma kwa vishindo, ule upepo wa Agosti unaoinua vumbi na mifuko. Niliandika katika daftari langu kwamba upepo unaongezeka. Nilimwendea nyapara, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba kreni imelipiwa leo, kesho haipo. Niliwatazama vijana waliokuwa juu, na mmoja wao, aliyekuwa ameshuka kunywa maji, aliniambia: "Madam, tukishuka saa hii tunapewa nusu." Mwenye njaa hana miiko. Nilirudi chini, na sikuisimamisha kazi.

Kishindo kimoja kiliupindua mzigo. Kijana aliyekuwa akiuongoza kwa kamba aliruka pembeni, akateleza, akabaki akining'inia kwenye mikanda yake nje ya ukingo wa jengo. Mikanda ilifanya kazi yake, haikukatika. Lakini hapakuwa na mpango wa kumrudisha. Ngazi haikumfikia, winchi ya uokoaji haikuwepo, gari la zimamoto lilikwama kwenye msongamano, na wenzake walijaribu kumvuta kwa kamba ya kawaida bila kufaulu. Alining'inia dakika 22. Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu yake hutuama miguuni, ubongo hupungukiwa, na anaweza kuzirai ndani ya dakika chache hata kama hana jeraha lolote. Walipompandisha hatimaye alikuwa hajitambui. Alipona, namshukuru Mungu, ingawa hakupanda juu tena. Leo anauza vipuri vya pikipiki, na tunajuliana hali.

Katika uchunguzi tuliandika kwamba hapakuwa na mpango wa uokoaji, na ilikuwa kweli. Hatukuandika kwamba gharama ya kusubiri hadi kesho ilikuwa imewekwa mabegani mwa watu wenye mabega dhaifu kuliko wote waliokuwa pale: kibarua wa siku, na afisa wa usalama wa mkataba wa miezi mitatu. Hiyo pia ilikuwa kweli, na naamini ndiyo iliyokuja kwanza.

Bahari ya Kaskazini yenyewe ilifundishwa somo hilo kwa bei ya kutisha. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha lililipuka, na watu 167 wakafa. Chanzo kilikuwa pampu iliyokuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo. Hati iliyopaswa kuwajulisha hivyo watu wa zamu ya usiku haikuwafikia, nao wakaiwasha. Ila kuna sehemu ya habari hiyo ambayo huwa naisimulia kila ninapofundisha. Majukwaa mawili ya jirani, Tartan na Claymore, yaliendelea kusukuma mafuta na gesi katika mabomba yaliyounganishwa na jukwaa lililokuwa likiungua, kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kuyafunga waliona si uamuzi wao kusimamisha uzalishaji bila idhini ya wakubwa. Waliuona moto kwa macho yao. Uchunguzi wa jaji Lord Cullen, uliotolewa mwaka 1990, ulitoa mapendekezo 106, na mojawapo ya matokeo yake ni kwamba usimamizi wa usalama wa mafuta baharini uliondolewa katika wizara ya nishati ya Uingereza, iliyokuwa na jukumu la kuhimiza uzalishaji, ukapelekwa kwa mamlaka ya usalama kazini. Hapa kwetu ukaguzi wa usalama uko chini ya wizara ya kazi, na nawasihi wanaopanga mustakabali wa nishati nchini wasifikirie kamwe kuuhamisha.

Kusubiri si kwa ajili ya mawimbi pekee, na hili ndilo ninalotaka lieleweke vizuri. Mitambo mingi ya baharini imesimama juu ya nguzo nene ya chuma, bomba tupu lililopigiliwa kwenye sakafu ya bahari. Ndani ya bomba hilo lililozibwa, kutu hula oksijeni, na vijidudu vilivyo katika maji yaliyotuama vinaweza kuzalisha gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo, ikiwa nyingi, huua pua isiweze tena kuinusa kisha humwua mtu. Anayetakiwa kushuka humo husubiri hewa ipimwe, husubiri feni zipulize, husubiri ipimwe tena. Anayefungua mfumo wa mafuta ya shinikizo husubiri shinikizo lishuke. Anayegusa nyaya husubiri swichi ifungwe kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni mwake mwenyewe. Anayefanya kazi chini ya mnara husubiri aliye juu amalize kutumia zana zake, kwa maana spana iliyoponyoka kutoka mita 80 hufika chini ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 140 kwa saa. Karibu kila kinga tuliyo nayo katika kazi hii imetengenezwa kwa dakika za kusubiri. Ukiziweka dakika hizo katika hesabu ya mfanyakazi badala ya hesabu ya mradi, umezitoa kinga zote kwa pamoja, hata kama kila moja imeandikwa kwa herufi kubwa ukutani.

Halafu kuna uokoaji, ambao baharini haumsubiri mtu. Tarehe 29 Oktoba 2013, huko Ooltgensplaat, Uholanzi, moto ulizuka juu ya mtambo uliokuwa nchi kavu kabisa, ukiwa na mafundi wanne. Wawili walitoroka. Wawili walizuiwa na moto, na vikosi vya zimamoto vilivyokuwa chini havikuwa na njia ya kufika kule juu kwa wakati. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nchi tajiri, kando ya barabara ya lami, basi kwa mtu aliye kilomita 89 baharini mwokozi wa kweli ni mwenzake aliye naye mnarani, mwenye kamba ya kushukia na mazoezi ya kuitumia. Na anayeanguka majini ana muda mfupi wa namna yake. Wataalamu wa maji baridi hufundisha tarakimu tatu: dakika 1 ya kutuliza pumzi baada ya mshtuko wa baridi, takriban dakika 10 ambazo vidole bado vinatii, na takriban saa 1 kabla ya kuzirai kwa baridi. Nilipomweleza mpwa wangu hayo alinijibu kwamba anayajua, na akanitajia hata mpangilio wa zipu za suti yake ya kuokolea. Nilifarijika, lakini si sana.

Kampuni kubwa za upepo wa baharini zina umoja wao wa afya na usalama, G+, unaochapisha kila mwaka idadi ya matukio yaliyoripotiwa na aina za kazi zilizoyasababisha, na kazi za kuinua mizigo hutajwa humo tena na tena. Ni uwazi ambao natamani sana kuuona katika ujenzi wa Nairobi. Ningependa tu takwimu moja iongezwe: ni mara ngapi kazi ilisimamishwa, nani aliisimamisha, na mshahara wake wa siku hiyo ulikuwaje. Kampuni inayoripoti saa nyingi za kazi bila fundi hata mmoja kukataa kuvuka mwaka mzima isinipe faraja. Ningependa kuwauliza mafundi wake maswali, bosi wao akiwa hayupo.

Kenya haina mtambo wa upepo baharini. Tunayo iliyo nchi kavu: Ngong, ambako mitambo ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993, Kipeto, Kajiado, na ule msitu wa mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, Loiyangalani. Mafundi waliozoea upepo wa huko ndio wanaoanza kutafutwa nje, na wanakwenda wakiwa na ujuzi mzuri na tabia moja waliyoipata nyumbani, tabia ya kuogopa kuonekana wavivu. Sheria yetu haiwanyimi kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake anapoona hatari kubwa inayokaribia, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo imeweka fidia ya ulemavu kamili wa kudumu kuwa sawa na mapato ya miezi 96. Miezi 96 kwa mwili uliovunjika ipo katika sheria; siku moja ya kibarua aliyekataa kupanda upepo ukivuma, hiyo hulipwa au hailipwi kwa hiari ya nyapara.

Nilimshauri mpwa wangu aandikie kampuni, kwa heshima, aombe siku za kusubiri zilipwe kamili. Aliandika. Baada ya siku tisa jibu lilikuja, nalo lilikuwa bora kuliko nilivyotarajia: kazi ikisimamishwa na nahodha au na kituo cha uratibu, atalipwa ujira wote. Lakini akikataa kuvuka yeye mwenyewe ilhali nahodha ameruhusu, itabaki nusu.

Nimeyatafakari sana maneno hayo. Nahodha anaiona bahari kutoka kwenye kiti chake; fundi anaiona kutoka puani, akiwa na mkoba wa zana mgongoni na magoti yanayohisi jinsi mpira unavyoteleza kwenye chuma. Yeye ndiye mwenye habari ya mwisho kabla ya hatua, na ndiye pekee ambaye habari yake ina bei. Kama ningeweza kubadilisha kitu kimoja tu katika sekta hiyo nzima, kabla ya kofia mpya na kabla ya mafunzo mapya, ningeanza na mstari huo. Kukataa kwa fundi kulipwe kama kukataa kwa nahodha, na gharama iwekwe katika bei ya mradi tangu siku ya zabuni, mahali ambapo siku za dhoruba tayari zimehesabiwa kwa ajili ya meli.

Alitia sahihi. "Shangazi, nitakataa hata kwa nusu," aliniambia mlangoni. Ninamwamini, kwa kuwa ninamjua tangu akiwa mtoto. Lakini ana miaka 26, ana mke na mtoto mchanga, na ana deni la mafunzo yenyewe. Sioni sababu ya sekta yenye mabilioni kuuegemeza usalama wake juu ya ukaidi wa kijana mmoja.

Katika eneo ninalosimamia sasa, nilifanikiwa mwaka jana kuingiza kifungu katika mkataba wa kreni na katika malipo ya vibarua: upepo ukizidi kikomo cha mtengenezaji wa kreni, au mfanyakazi yeyote aliye juu akisema ashushwe, siku inahesabika kuwa imefanyiwa kazi. Mwenye mradi alikubali baada ya miezi miwili ya mabishano, na aliongeza bei. Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, mfunga mizigo mmoja aliinua mikono kutoka ghorofa ya sita kabla hata kipima upepo changu hakijafika kikomo. Tuliteremsha mzigo. Vijana wakakaa kivulini, wakanywa chai, wengine wakalala. Upepo haukutulia hadi jioni. Saa kumi na moja nyapara aliniletea daftari la malipo nitie sahihi, nami nikahesabu majina kwa kidole, moja baada ya jingine: kumi na manne, kutwa nzima.